Pampu ya Ma Koku na Bomba la Ta Severini

Vijana wa idara, siku ile ya keki na soda mliniomba niwaandikie mawili matatu ya kazini. Nilidhani ni adabu tu, kama mgeni anavyoambiwa "karibu tena" na watu wanaotazama saa. Lakini tangu nistaafu nimekuwa nikizunguka nyumbani na bisibisi mfukoni, nikitafuta kitu kilicholegea. Juzi mke wangu alinikuta nakaza bawaba za kabati ambalo halikuwa na shida. Akasema, "Si ulisema vijana wanataka uandike? Nenda ukaandike." Basi naandika kwa amri, jambo ambalo mtumishi wa umma amelizoea.

Ya vyeo nayaruka kwa sababu hayajazi mstari, na ya mshahara mnayajua. Nilistaafu kwa hiari nilipofika umri wa kuruhusiwa. Neno "hiari" liliandikwa na ofisi. Wenye hiari hasa walikuwa magoti yangu.

Nilifika Karagwe nikiwa na shahada ya uhandisi wa kilimo na viatu vyeusi vya ngozi, ambavyo vumbi la Kayanga liliwahi kuvibadilisha rangi kabla sijaonyeshwa choo kiko wapi. Cheo changu kilikuwa afisa zana za kilimo. Wananchi walikifupisha, nikawa Bwana Zana, na ndilo jina nililozeeka nalo. Karakana ilikuwa banda la mabati lenye jiliwa moja la kubania vyuma, trekta moja lililokalia matofali, na mkuu wangu wa kazi, Mhandisi Kagaruki, mtu mrefu aliyesoma ng'ambo na aliyevaa koti hata jua likiwa utosini.

Mfukoni mwa koti hilo alikuwa na kipande cha mpira wa maji, urefu wa mkono. Ncha moja aliiweka sikioni, nyingine akaipitisha polepole juu ya injini inayounguruma, kama daktari anayetafuta kikohozi kifuani. Siku yangu ya kwanza alikata kipande kingine kutoka kwenye mpira uleule, akanipa.

"Cheti chako nimekiona," alisema. "Hiki ndicho cha pili. Mashine haiumwi kwa siri, inasema. Shida ni kwamba sisi tunafika tukiwa tumeshaamua ugonjwa."

Nilikibeba kipande hicho miaka yote. Siku moja nilipita hospitali ya Nyakahanga kumjulia hali jirani aliyelazwa, mpira ukachungulia mfukoni. Muuguzi akaniuliza ni wa nini. Nikamwambia ni wa kusikilizia. Akasema, "Daktari, wodi ya wanaume iko upande ule." Sikumrekebisha. Ilikuwa heshima kubwa kuliko zote nilizowahi kupata kazini.

Mengi niliyojifunza miaka ile ya kwanza hayamo vitabuni, ingawa vitabu havikosei. Petroli inayouzwa kwenye chupa barabarani, inue juani kwanza uone kama kuna maji yametuama chini. Injini iliyokaa msimu mzima bila kazi, kabla ya kulaumu kitu chochote, chunguza nyigu. Kule Rugera niliwahi kufungua mashine ya kukoboa kahawa mpaka vipande vyake vikajaa mkeka mzima, halafu nikagundua nyigu amejenga nyumba ya udongo ndani ya ekzosi. Mwenye mashine alinishukuru sana. Kuiunganisha tena ilibaki kuwa siri yangu na Mungu, na skrubu mbili zilizobaki.

Sasa nifike kwenye kisa nilichokusudia tangu mwanzo. Kilitokea Kamuli, nilipokuwa nimehamishiwa Kyerwa, na sijawahi kukisimulia kikamilifu, kwa sababu nitakayoieleza mwishoni.

Taarifa ililetwa ofisini kwa mdomo: kuna mtu Kamuli anaendesha pampu ya maji kwa petroli ya kuchemsha, aende Bwana Zana akamzuie kabla hajaunguza kijiji. Ilikuwa katikati ya kiangazi. Nilipanda bodaboda nikiwa nimeshaamua ugonjwa, dawa, na hata maneno ya kufunga mjadala.

Pampu ilikuwa kwa mjane mmoja aitwaye Kokushubira. Huku mtu mzima wa kike huitwa Ma na wa kiume Ta, kwa hiyo yeye alikuwa Ma Koku. Nilimkuta amesimama uani, ndoo mkononi, na nyuma yake palikuwa na kitu ambacho sikutegemea kukiona Kamuli: uwanja mtupu. Kibanja kizima, yaani shamba la nyumbani, kutoka mlangoni hadi kwenye ua wa jirani, hakikuwa na mgomba hata mmoja.

"Shikamoo, Ma."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyetumwa kunifungia maji?"

Mnaojua mnyauko wa migomba hamhitaji maelezo. Kwa wageni wa kazi niseme tu kwamba mgomba ukishaugua hautibiki. Unang'olewa, unafukiwa, na panga lililoukata linapitishwa kwenye moto. Ma Koku alikuwa mtiifu. Aling'oa yote. Katikati ya ile migomba alikuwa amezikwa mumewe, kama ilivyo desturi, kivulini. Sasa kaburi lilikuwa wazi, limepasuka saruji kwa jua.

"Mzee amekaa juani tangu mwaka juzi," alisema, akilitazama kama mtu aliyesahauliwa kituoni. "Sijui ananisema vipi huko aliko."

Kando ya nyumba, chini ya kichanja cha nyasi, alikuwa akilea miche safi ya migomba, yake na ya majirani waliong'oa kama yeye. Ikifika mvua ingepandwa. Mpaka hapo ilihitaji maji kila siku, na maji yalikuwa kwenye kijito, chini kabisa bondeni. Ndoo za kichwani zilikuwa zimeshamshinda. Miche ya mstari wa mwisho ilikuwa imeanza kukunja majani.

Pampu yenyewe iliachwa na mradi fulani uliokwisha. Ilikaa stoo hadi petroli ikagandia ndani na kabureta ikaoza. Kabureta nyingine ilitafutwa Omurushaka, ikatafutwa hadi Bukoba, haikupatikana. Ndipo akaingia Ta Severini.

Ta Severini alikuwa jirani, fundi wa kuchomelea, mwembamba, mwenye ndevu chache alizozitunza kama bustani. Kabla ya kuokoka alikuwa mpika gongo, na kwa maelezo ya watu wasiokunywa, gongo lake lilikuwa safi. Alipoacha alibaki na bomba refu la shaba na ujuzi wa mvuke. Sasa vyote viwili vilikuwa bondeni, vimeunganishwa na injini.

"Karibu kwenye chungu," aliniambia, na kwa kweli alikiita hivyo, chungu.

Nilikizunguka nikitafuta la kukemea. Lilikuwa kopo zito la chuma, amelichomelea mfuniko. Ndani yake petroli kiasi. Mrija mmoja ulileta hewa hadi chini kabisa, hewa ikapanda kwa mapovu kupitia petroli, ikatoka juu ikiwa imelowa mvuke. Mvuke ukapita kwenye bomba la shaba lililolala karibu na ekzosi ili upate joto, kisha ukaingia kwenye injini mahali ilipokuwa kabureta. Palikuwa na koki ndogo ya kuongezea hewa. Nilitaka kusema ni upuuzi. Lakini nilikuwa nimewahi kukichora kitu cha namna hiyo kwenye mtihani, na nikapewa alama nzuri.

"Kinawaka?" niliuliza.

"Asubuhi kinawaka kama kimeokoka. Maji yanapanda hadi kwa Ma Koku. Halafu kinaanza kukohoa, kinakufa kabla pipa halijafika nusu. Tunakiacha. Kesho yake kinawaka tena vizuri."

"Na wewe umekuja kukizuia," Ma Koku alidakia. Alikuwa ametufuata na kopo lake la kumwagilia. "Sawa. Kizuie. Ila ukimaliza, uniachie mvua."

Sikuwa na mvua. Nikamwambia Ta Severini avute kamba, tuone kwanza, kisha nitazuia.

Kikawaka. Mlio ulikuwa wa kutisha kwa sababu ekzosi haikuwa na kizuia sauti, lakini ulikuwa mlio wa injini yenye afya. Bomba la kupandisha maji likajaa, likakakamaa kama nyoka aliyekanyagwa. Tulisimama tukitazama. Muda si mrefu kikohozi kikaanza, mlio ukadhoofika, ukafa.

Nikatoa elimu. Nikaeleza kwamba petroli ni mchanganyiko: sehemu nyepesi huruka kwanza kwa mvuke, nzito zikabaki chini kama wazee baada ya harusi. Kwa hiyo chungu kimechuja kilicho chepesi, na kilichobaki hakiwezi kuwaka. Zaidi ya hayo, petroli ikigeuka mvuke inapoa. Nilimwonyesha kopo lilivyokuwa limetoka jasho la baridi. Yalikuwa maelezo mazuri. Ta Severini aliitikia kwa kichwa kwa heshima, akamwaga ile petroli kwenye dumu, akatia mpya, na tukaweka kopo ndani ya beseni la maji ya moto.

Kikawaka. Kikafa, tena upesi kuliko mwanzo.

"Elimu ni nzuri," alisema Ta Severini. "Ngoja tujaribu nyingine."

Nikafungua plagi. Ilikuwa nyeupe kama jivu, na hilo, vijana, likariri: plagi nyeupe maana yake injini inakula hewa kuliko mafuta. Basi tukapunguza hewa. Kila kikohozi kilipoanza tulifunga koki kidogo, injini ikapata nafuu, ikakohoa tena, tukafunga tena. Mwishowe koki ilikuwa imefungwa kabisa na injini ikafa vilevile. Hewa ilikuwa inaingia mahali pengine.

"Panavuja," nikasema.

"Hapavuji." Hapo niligusa kiburi chake. "Bwana Zana, mimi kila kiungo nimekipaka maji ya sabuni, injini inaunguruma. Hakuna povu. Nimenusa kila mahali. Hakuna harufu. Ile kazi yangu ya zamani, chungu kikivuja hata tundu la sindano, pua yangu ilijua kabla ya macho."

"Ndiyo maana pua ile ilijulikana hadi Murongo," alisema Ma Koku.

"Nimeokoka, Ma."

"Nasema pua, sisemi wewe."

Nami nikapaka sabuni. Nikainama, nikanusa kila kiungo hadi kichwa kikaniuma. Hakuna povu, hakuna harufu. Nikatoa mpira wa Mhandisi Kagaruki, nikaweka ncha sikioni, lakini ekzosi ile isiyo na kizuizi ilijaza mpira mzima kwa radi, sikusikia kingine. Nikakubaliana na Ta Severini. Hapavuji. Tulikuwa watu wawili tuliokubaliana vizuri sana, na pampu ilikuwa imekufa.

Ma Koku alitazama mlima, upande wa kichanja. "Miche ile ya mwisho haitafika keshokutwa," alisema. Alikuwa anajisemea mwenyewe.

Tukawasha mara nyingine, kwa sababu hatukuwa na wazo jingine. Kikohozi kilipoanza niliona Ma Koku anakunja uso. Pale bomba la shaba lilipoingia kwenye injini, Ta Severini alikuwa amepaziba kwa udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na majivu na nyuzi za mgomba, kama vyungu vya gongo vinavyozibwa tangu enzi. Udongo ule ulikuwa unatoa moshi mwembamba. Kabla hatujasema neno, Ma Koku alisogea, akainua kopo la kumwagilia, akapamwagia maji.

Injini ikakaa sawa. Mlio ukapanda, ukajaa, bomba la maji likakakamaa tena hadi juu mlimani. Kisha maji yalipokauka, ikaanza kukohoa.

Nilimtazama Ta Severini. Yeye alikuwa akitazama udongo.

"Mwagia tena, Ma," nikasema.

"Mimi nilikuwa nazima moto wenu."

"Zima tena."

Akamwagia. Ikapona.

Ta Severini alichuchumaa, akashika kichwa. "Kinavuta," alisema.

Hapo ndipo tulipoelewa wote wawili, tena kwa pamoja, ingawa kila mmoja wetu hadi leo anadai alitangulia. Chungu cha gongo kinasukuma. Moto uko chini, mvuke unatafuta njia ya kutoka, na kiungo kikipasuka mvuke unatoka nje: unauona, unaunusa, sabuni inafanya povu. Isitoshe, mvuke ule wenyewe unaulowesha udongo, hivyo hauwezi kukauka. Lakini injini inavuta. Ufa ukitokea, hakuna kinachotoka. Hewa inaingia ndani kimya, na ukipaka sabuni kidogo inamezwa kabla haijalowesha udongo. Tulikuwa tumetafuta kinachotoka kwenye mlango ambao watu walikuwa wanaingilia.

Na asubuhi? Kila asubuhi Ta Severini alipaka udongo mbichi kabla ya kuwasha. Hakufikiri, ilikuwa desturi ya mikono yake: chungu hakipandishwi bila kuzibwa upya. Kwa hiyo kila asubuhi kiungo kilikuwa kizima, joto la ekzosi likakikausha, kikapasuka, injini ikafa, na kesho yake desturi ikaficha ugonjwa tena.

Ili kuhakikisha, nilizungushia pale kitambaa cha khanga kilicholowa. Injini ikaenda sawa. Nilipokitoa ikakohoa. Nilipokirudisha ikapona. Siku ile pipa la Ma Koku lilijaa hadi likamwagika, nasi tukiwa tumechuchumaa kwa zamu, tukilowesha kitambaa kama wauguzi wa mwenye homa.

Sikukizuia chungu, lakini sikukiacha kama kilivyokuwa, na hapa nawasihi msijifanye Ta Severini bila kusoma aya hii mara mbili. Kopo la petroli tulilihamisha mbali na ekzosi, nyuma ya ukuta wa matofali, na joto likatoka kwenye beseni la maji. Bomba la shaba likahama upande wa pili wa injini. Ndani yake tulishindilia stilwaya ya kusugulia sufuria, ili moto ukirudi nyuma uzimikie hapo usifike kwenye kopo. Pakawekwa ndoo ya mchanga. Na kile kiungo cha udongo Ta Severini alikichomelea sahani ya chuma yenye bolti mbili, katikati tukaweka gasketi ya shaba ya ekzosi ya bodaboda. Alipokuwa anabandua udongo wake wa zamani aliushika kiganjani muda mrefu kidogo.

"Huu haukuwahi kuniangusha," alisema.

"Haujakuangusha," nikamwambia. "Umeupa kazi ya mtu mwingine."

Siku ile kazi ilipokwisha, Ma Koku alituita tule. Ta Severini alidai ameshiba, nikajua kuna jambo. Aliniwekea ugali na maharage. Chakula kizuri, na nilikuwa na njaa. Lakini mnajua nyumba ya huku. Mgeni hupewa ndizi, na nyumba isiyo na ndizi ya kumpikia mgeni inaona haya kama iliyokosa mlango. Aliweka sahani mbele yangu, akageuza uso kutazama kaburi la mumewe, akasema kwa sauti ya chini:

"Bwana Zana, nakuomba. Usiwaambie watu ulichokula kwangu."

Nikaahidi. Ndiyo maana hata ofisini, mlipokuwa mnaniuliza kisa cha Kamuli, nilieleza gasketi na stilwaya nikaishia hapo.

Mstari wa mwisho wa miche haukupona wote. Iliyobaki ilipandwa mvua ilipokuja, kwake na kwa majirani. Chungu kilifanya kazi kiangazi kile na kilichofuata, kisha ikapatikana kabureta, kisha ikaja pampu ya jua, na mimi nikaendelea na mashine nyingine zilizonizidi akili kwa namna nyingine.

Kabla ya kukabidhi ofisi nilizunguka kuaga. Kamuli nilifika mchana. Sikuiona nyumba kutoka barabarani, ilibidi nitafute njia ndani ya migomba. Kaburi lilikuwa kivulini, majani makavu yameanguka juu yake, na kuku wawili walikuwa wanayapekua. Ta Severini alikuwepo, ndevu zimekuwa nyeupe zote. Nilimuuliza bomba la shaba liko wapi. Akanitazama.

"Usinifikirie hivyo. Lipo juu ya bati, linashikilia antena."

Nilitazama juu. Kweli lilikuwepo, ingawa lilionekana fupi kuliko nilivyolikumbuka.

Ma Koku alitoka jikoni na sufuria nzima, akaiweka katikati, akafunua majani. Mvuke ukapanda. Zilikuwa ndizi za kibanja chake, zimeiva na maharage, laini, zimebadilika rangi kama inavyotakiwa. Safari hii Ta Severini hakusema ameshiba. Ma Koku alinipakulia mwenyewe, akaongeza, akaongeza tena nilipokwisha kusema inatosha, kisha akakaa kwenye mkeka akinitazama usoni.

"Haya," alisema. "Sasa waambie."